Kurumbiza Haina Vijana

Malindi, hapa visiwani, Alhamisi, masika ya mwaka 1970. Mvua tangu alfajiri. Adhuhuri ilikatika kidogo, sasa imerudi tena na upepo wake. Sijala. Mke wangu kaniwekea sahani ya muhogo hapa mezani, kaifunika kawa, na mimi nnaiangalia kawa tu.

Mashine imekwenda.

Naanza na hilo, daftari, kwa sababu nikilizungushazungusha sitalisema kabisa. Mashine ya Kurumbiza, boti yangu ya mbio, imechukuliwa leo saa nane mchana. Na haikuchukuliwa mashine peke yake. Hilo la pili ndilo linaloninyima chakula, na nitalifikia.

Kurumbiza si boti niliyoinunua. Mimi nilikuwa fundi na dereva wa tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa. Zama zile, Jumapili, boti za mashine zilikuwa zikishindana kutoka hapa Malindi, zinazunguka kisiwa cha Changuu na kurudi. Matajiri wenye boti walikaa kivulini na soda zao. Tuliokuwa tukiendesha ni sisi mafundi, na nikishinda, kikombe alikwenda kukipokea tajiri. Sikujali hata kidogo. Nilichokitaka mimi ni pale pa kugeuka nyuma ya Changuu, boti inapolala ubavu, maji yanakupiga usoni, huoni kitu, unaisikia mashine tu. Pale mtu hawezi kumweleza mwenzake pakoje.

Baada ya Mapinduzi tajiri wangu akaondoka na wanawe. Alinipa ufunguo wa banda, akaniambia, "Hii yako sasa, Sudi." Wenziwe nao wakaenda zao mmoja mmoja, na mashindano yakafa.

Nina miaka arubaini na saba. Sina mtoto. Mgongo wangu haustahimili tena kurushwarushwa. Miaka yote hii nilikuwa na nia moja tu, na sikuona kama ni nia kubwa: nipate vijana wa hapa hapa, watoto wa wachukuzi na wauza samaki, wakae wao kwenye usukani. Waizunguke Changuu. Na kikombe, kama kitapatikana kikombe, wakakipokee wao.

Hawakuja.

Miezi sita nimekaa mlangoni pa banda kama muuza kahawa asiye na wateja. Nikawatukana, nakiri. Nilimwambia mke wangu vijana wa siku hizi wavivu, wanachokijua ni mpira na sinema na kusimama pembeni mwa barabara wakichezea vitana vyao. Nikasema hawana moyo, wanaogopa maji. Mke wangu akawa ananisikiliza, anachambua mchele, hasemi. Ningemuuliza kwa nini hasemi, labda leo ningekuwa nnakula.

Nakiri na la pili. Zaidi ya kuwatukana, niliwaandikia ubao.

Nilikuwa na rangi nyekundu iliyobaki nilipoipaka Kurumbiza. Nikachukua ubao wa kasha la chai, nikaandika kwa herufi kubwa, nikautundika juu ya mlango wa banda, panapopita watu wote wa bandarini: NJOO UJIFUNZE BOTI YA MBIO. MALINDI MPAKA BAGAMOYO, CHAI HAIJAPOA. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikausoma, nikajisifu. Niliona nimesema maneno matamu ambayo hakuna kijana mwenye damu mwilini atakayeyapita.

Walikuwa wakiyasoma, naam. Wanasimama ng'ambo ya njia, wawili, watatu. Mmoja anacheka. Halafu wanageuza shingo kutazama nani yuko nyuma yao, na hao, wanakwenda zao, mwendo wa haraka. Mimi mlangoni nikidhani wananicheka mgongo wangu.

Malindi nzima iliusoma ubao ule na hakuna aliyeniambia neno. Hata mmoja. Adabu ya mji huu itatuua! Kila mtu alidhani nnajua nnachokifanya, na hakuna aliyetaka kusikika akikitamka.

Aliyekuja alikuwa mmoja, na hakuletwa na ubao. Makame, kijana wa Mpendae, miaka kumi na tisa, mpakuzi wa mizigo hapa bandarini. Siku hiyo nilikuwa nimeitia mashine kwenye pipa la maji, nnaijaribu. Akapita na gunia begani, akasimama, akasikiliza. Akasema, "Shikamoo, Fundi. Silinda moja inachelewa." Spana ilinianguka mkononi. Mimi mwenyewe nilikuwa nnaitafuta kasoro ile tangu asubuhi, na yeye kaisikia na gunia la sukari begani.

Tangu siku ile kila akipumzika kazi alikuja bandani. Nilimfundisha kusafisha plagi, kwa sababu mtu asiyejua kuitunza plagi, ile inayopiga cheche na kuiwasha mashine, hana haki ya kuivuta kamba. Nikampa plagi moja kuukuu ajifunzie. Akaisugua mpaka ikang'aa, na akawa anatembea nayo mfukoni. Majini tulitoka mara nne tu, kwa kuwa petroli ni ya kibali na kibali hakipatikani. Mara ya nne nilimwachia usukani nyuma ya Changuu. Boti ikalala ubavu. Yule mtoto alicheka, daftari, alicheka kwa sauti mpaka maji yakamwingia mdomoni, na mimi nikageuza uso kwa sababu nilikuwa nnalia.

Basi nilidhani tumeanza. Mmoja ataleta wenziwe.

Wiki tatu zilizopita alikuja Ndugu Khatibu. Ni afisa, anashughulikia boti za ulinzi wa pwani. Mtu mpole, anasema taratibu, anakunja mikono ya shati vizuri. Aliizunguka Kurumbiza, akaisifu rangi yake, akaniuliza inakwenda kasi gani. Na mimi, Yarabi, ulimi wangu! Nikamjibu, "Bandari hii hakuna boti itakayoifukuza hii ikaipata, hata za kwenu." Akatabasamu. Akatoa kitabu chake kidogo, akaandika. Mimi nikaona nimesifiwa.

Barua ikaja baada ya siku chache. Boti haina kazi na mashine yake inahitajika kwenye ulinzi. Ila kama kuna kikundi cha michezo cha vijana wasiopungua watano, kila mmoja na barua ya ruhusa ya mzazi wake, basi mashine itabaki kwa vijana. Mwisho Alhamisi, adhuhuri. Yaani leo.

Vijana watano. Katika mji mzima huu natafuta watano tu!

Wiki hii nimepiga hodi nyumba kwa nyumba. Nyumba moja baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mwanawe ana kifua. Kifua gani, kijana namuona kila siku anacheza mpira. Nyumba nyengine niliambiwa mwenye nyumba katoka, na miguu yake naiona chini ya pazia. Mama mmoja alinijibu kwa upole kwamba mwanawe ndiye anayewapangia foleni ya unga, hana nafasi. Wote waliniaga vizuri, na wote walinisindikiza mpaka nje kabisa, kuhakikisha nimekwenda.

Leo asubuhi, katika mvua, nikaenda Mpendae kwa Bi Zuhura, mamaake Makame. Nilijua watano siwapati tena. Nilifikiri nikiwa na barua moja mkononi ya kijana mmoja wa kweli, Ndugu Khatibu ataniongezea wiki.

Alinikaribisha barazani. Akanipa chai kavu, akaomba radhi sukari hakuna. Nikaeleza haja yangu. Akawa anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua.

"Fundi," akasema, "ule ubao umeuandika wewe mwenyewe?"

"Mimi."

"Na umeusoma?"

Nikacheka. Nikamwambia mtu akiandika si ameshasoma.

"Basi hukuusoma. Mji huu mtu hendi bara ila kwa ruhusa, na wanaotaka kwenda bila ya ruhusa wanalala na kuamka na Bagamoyo kichwani. Wewe umewaandikia jina la mahali, umewaandikia na muda wa safari, ukautundika bandarini. Mzazi gani atatia saini hapo? Kijana akionekana tu amesimama chini ya ubao wako, jioni baba yake anaulizwa."

Nikakiweka kikombe chini. Miezi sita! Miezi sita nawaita waoga na wavivu, kumbe watoto wa watu walikuwa na akili, mwenye ubongo wa kuku ni mimi. Mimi nilikuwa nnawaza mbio. Hakuna mwengine aliyekuwa akiwaza mbio. Boti inayokwenda kasi mji huu ina kazi moja tu machoni pa watu, ama unaikimbilia ama unafukuzwa nayo.

Halafu akasema jengine. Alisema bila ya kupandisha sauti.

"Mashine aliyoondokea Othmani uliitengeneza wewe."

Othmani ni mwanawe mkubwa. Miaka miwili iliyopita aliondoka na wenziwe watatu kwa boti ya mashine, na mpaka leo hajulikani kama alifika. Mamaake akawa anaitwa ofisini kila wiki, akaulizwa anachokijua, naye hakijui. Ni kweli, mashine ile ililetwa bandani kwangu. Niliitengeneza, nikaona wanavyokwepa kunitazama, nikajua inakokwenda, nikanyamaza. Hili sijaliandika popote kabla ya leo. Kila nikilala huwa nnaikumbuka bolti moja ambayo sina hakika kama niliikaza.

"Wa kwanza sikukulaumu," akasema Bi Zuhura. "Alikuwa mtu mzima na alikuwa na shingo yake. Wa pili sikupi, Fundi. Nataka uniambie hataigusa tena mashine yako. Sema wallahi."

Nikasema wallahi.

Nilisema na nilikusudia. Nilirudi Malindi kwa miguu, nimerowa mpaka mifupani, na njia nzima nilikuwa na jambo moja kichwani. Vijana sina, barua sina, lakini mashine siwapi. Si kwa kazi ya kufukuza watu kama Othmani. Nikaingia bandani, nikaufunga mlango, nikaitoa plagi nzima ya silinda moja, nikaitia mfukoni; mashine hii ikikosa silinda moja haiwaki. Mahali pake nikatia plagi iliyokufa zamani, imejaa masizi. Nikasema wataivuta kamba mpaka mabega yawaume, wataona mashine mbovu, watakwenda zao. Sina sifa ya uongo, lakini huo niliufanya kwa mkono thabiti.

Saa nane akaja Ndugu Khatibu na askari wawili, na hamali na gari lake la mkono. Mvua ilikuwa imekatika, watu wa bandarini wakajaa mlangoni. Akauliza barua za wazazi. Nikasema sikupata. Akatingisha kichwa kwa masikitiko, na nadhani masikitiko yake yalikuwa ya kweli. Akainua macho kuutazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Na huo ubao nao, Fundi. Kama nisingekujua, ningekuja na watu wengine." Nikahisi baridi ya mvua upya.

Nikawaambia mashine hata hivyo imekufa, wasijisumbue. Akaamuru itiwe kwenye pipa. Askari wa kwanza akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, akavuta tena, jasho likamtoka. Wa pili akavuta. Mashine ikakohoa kidogo, ikanyamaza. Ndugu Khatibu akatazama saa yake. Akamwambia hamali, "Hii mzigo wa bure. Tuiache, tutafute nyengine." Wallahi nilimsikia kwa masikio yangu. Hamali alikuwa keshaligeuza gari.

Hapo ndipo Makame akatokea.

Katoka bandarini mbio, gunia bado kichwani kwa ajili ya mvua ya asubuhi. Kaona watu, kaona mashine kwenye pipa, kaniona mimi nimesimama nimenywea. Masikini, alidhani tunafanyiwa majaribio. Alidhani mashine ikiwaka tutaachiwa. Akapenya katikati ya watu, akasema, "Ngoja, Fundi, plagi hiyo!" Akapiga magoti, akaifungua ile mbovu. Akatia mkono mfukoni akatoa plagi yake, ile niliyompa, inang'aa.

Nilikuwa na muda wa kusema. Ningesema acha. Ningesema Makame, toka. Lakini nikisema acha, askari watauliza kwa nini, na mfukoni nnayo plagi nzima. Niliogopa. Nimewaita vijana waoga miezi sita, na ulipofika wakati wangu wa kusema neno moja, sikulisema.

Alivuta kamba mara moja.

Mashine iliitika. Silinda zote kwa pamoja, safi, maji ya pipa yakaruka mpaka darini. Watu wakapiga makofi, na hamali akapiga mbinja. Na mimi, hili ndilo nnaloona haya kuliko yote, mimi nilicheka. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilisahau askari, nilisahau Bi Zuhura na kiapo changu, nikasikia sauti ile tu na nikamuona kijana aliyeiamsha, nikasema moyoni, huyu nimemfundisha mimi.

Ndugu Khatibu hakucheka. Alimtazama kama alivyoitazama mashine siku ya kwanza.

"Nani kakufundisha?"

"Fundi Sudi," akasema Makame, na kifua mbele.

"Na kuendesha unajua?"

"Nnajua. Nimeizunguka Changuu."

Ndugu Khatibu akatoa kitabu chake. "Sisi boti tunazo. Vijana wa kuziendesha ndio hatuna, kila nikitafuta naambiwa wana kifua. Jina lako na kwenu wapi? Kesho saa mbili uje ofisini."

Kumbe hata yeye alikuwa anatafuta vijana. Tulikuwa wawili mjini tunapiga hodi milango ile ile na tunapewa ugonjwa ule ule.

Makame akanitazama, anataka kuona kama nimefurahi. Alikuwa anatabasamu. Alisaidia mwenyewe kuipandisha mashine kwenye gari, akaifunika kwa gunia lake ili isirowe, akaninong'oneza, "Fundi, n'tazunguka Changuu tena! Na petroli wanayo wao!" Gari likaondoka, yeye analisukuma kwa nyuma. Lilipofika kwenye kona alilisimamisha. Nikamuona anamuuliza Ndugu Khatibu jambo, na tabasamu limemwisha. Hamali aliporudi kuchukua kamba yake nikamuuliza kijana alisema nini.

"Aliuliza, wao wakiwakuta watu baharini wanavuka, wanawafanya nini."

"Akajibiwa nini?"

"Akaambiwa ataelekezwa."

Nimeushusha ubao. Nimeupasua vipande, mke wangu kaupikia ule muhogo. Nilimsimulia yote, na kwa mara ya kwanza akasema. Akasema na yeye aliusoma ubao siku ile ile nilipoutundika. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa umefurahi. Sijakuona umefurahi tangu Mapinduzi."

Sasa ananishauri nisiende Mpendae, nimwachie Makame mwenyewe aseme na mamaake. Makame hatasema. Atamwambia kapata kazi, nayo si uongo. Mama atafurahi siku mbili tatu, mpaka ayasikie mengine kwa majirani. Hapana. Kiapo niliapa mimi, barazani kwake, na chai yake nikainywa.

Plagi nzima bado nnayo mfukoni. Kila nikikaa inanichoma paja na siitoi.

Kesho kabla ya saa mbili nitakuwa mlangoni kwa Bi Zuhura, mvua inyeshe isinyeshe. Nitapiga hodi. Ataniuliza kilichonirudisha mapema hivyo, na mimi miezi sita nilikuwa nikiomba kitu kimoja tu, kijana wa kukaa kwenye usukani. Nitaanzaje kumwambia kwamba kijana nimempata, na nimempatia Ndugu Khatibu?